Gitaa la Marehemu Kaka na Usingizi wa Jirani

Ikiwa unaishi katika nyumba za ghorofa hapa Nairobi, bila shaka unajua kwamba ukuta baina yako na jirani ni kama pazia tu. Akikaanga vitunguu, wewe wapiga chafya. Akigombana na mkewe, wewe wajua chanzo. Hebu basi fikiria kwamba ndani ya nyumba kama hiyo mna kijana wa kidato cha pili, gitaa la umeme na kikuza sauti cha vali. Hayo ndiyo yaliyonifika mimi.

Kikuza sauti hicho ni urithi. Marehemu kaka yangu alipiga gitaa katika bendi za hotelini miaka ya 1980. Alipofariki hakuacha shamba wala gari. Aliacha gitaa lake na kisanduku hicho kisichozidi ukubwa wa televisheni ya zamani, chenye vali tatu na nguvu ya wati 5 tu. Usicheke ukadhani wati 5 ni kidogo. Spika ya gitaa ikipewa wati moja, nawe ukisimama mita moja mbele yake, hukupigia desibeli 90 na ushei. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 hapa nchini zataka mitaa ya makazi isipite desibeli 35 usiku, na usiku wenyewe huhesabiwa kuanzia saa mbili.

Utauliza: kwa nini kijana asipunguze sauti? Nami nilimwuliza vivyo hivyo. Akapunguza, akapiga, na mimi mwenyewe nikatikisa kichwa. Sauti ilikuwa kavu, haina uhai. Utamu wa vali hutoka zinapofanyishwa kazi hadi ukingoni mwa nguvu zake. Hapo vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa taratibu, na kila noti hupata ukwaruzo unaodumu, mfano wa mwimbaji mwenye kilio kooni. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa nayo kaka, na ndiyo kijana aliyoitafuta kila alasiri baada ya shule.

Juu yetu anakaa muuguzi wa zamu ya usiku. Jumamosi moja saa tisa alasiri alibisha mlango, macho mekundu kama pilipili. Hakugomba. Alisema tu, "Mzee, tangu asubuhi sijapata usingizi, na leo usiku kuna wagonjwa wananingoja. Nikikosea dawa, nitamwambia nani?"

Nilisema, "Pole sana, Sista," nikaufunga mlango, nikamgeukia kijana kwa hasira. Wahenga walinena kwamba hasira hasara. Bila kuzima chochote niliuchomoa waya wa spika. Kimya! Nikajiona mjanja. Kijana, kwa kutojua au kwa ukaidi, aliendelea kupiga gitaa lisilosikika. Haukupita muda, tukanusa harufu ya kuungua.

Fundi niliyempelekea, pembeni mwa Barabara ya Luthuli, alinitazama kama mtu aliyemwaga maziwa ya mtoto. Alinieleza kwamba kikuza sauti cha vali hakiwashwi kamwe bila spika au mzigo mwingine wa kuipokea nguvu yake. Nguvu ikikosa pa kwenda, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti hadi nyaya zake zichomane. Transfoma ilikuwa imekwisha. Kijana hakunisemesha juma zima, na sikumlaumu. Nilikuwa nimeiunguza sauti ya ami yake.

Fundi alipotia transfoma mpya, alinipa na dawa ya ugomvi wetu: kipunguza nguvu. Ni kisanduku cha chuma chenye matundu, ambacho huwekwa katikati ya kikuza sauti na spika. Kikuza sauti hufanya kazi yake yote kama kawaida, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuzwa kuwa joto na vizuizi vya umeme vilivyomo ndani, na kiasi kidogo tu ndicho hufika kwenye spika.

Lakini usitarajie muujiza. Masikio yetu hayahesabu kama keshia wa benki. Ukipunguza nguvu kwa nusu, tofauti ni desibeli 3 tu, na jirani hataiona. Ukitaka kelele isikike kama nusu ya ilivyokuwa, lazima uipunguze nguvu hadi sehemu moja ya kumi. Yaani wati 5 ziwe nusu wati. Sisi tulishuka hadi sehemu moja ya mia, na hata hivyo sauti ilibaki kama ya televisheni iliyofunguliwa sana. Tena besi ilipungua, kwa maana sikio halizisikii vyema sauti nzito zikiwa chini, na spika nayo haitikisiki kama ilivyozoea.

Ukitaka kununua, shika haya. Omu za kisanduku zilingane na za kikuza sauti chako. Chetu ni cha omu 8. Kisanduku kiwe na uwezo wa kuhimili wati nyingi kuliko kikuza sauti kinazotoa. Tumia waya wa spika, si waya wa gitaa. Usikifunike, mke wangu alikitandikia kitambaa cha kufuma kama anavyofunika kila kitu sebuleni, tukakikuta kimepata joto. Kumbuka pia kwamba vali bado zinafanya kazi ya jasho, kwa hiyo zitachakaa vilevile. Na usifungue kikuza sauti mwenyewe: ndani mna volti zaidi ya 300, na kapasita huweza kushika umeme hata baada ya kukichomoa ukutani.

Jioni ya kwanza kijana alikifungulia kikuza sauti hadi mwisho. Nilikuwa jikoni namimina chai. Ilikuja sauti ndogo, nyembamba kidogo, lakini ilikuwa ni yeye, kaka yangu, kama anayepiga chumba cha tatu. Nilisimama na birika mkononi hadi mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nilimpeleka kijana juu akaombe radhi, nami nikaomba yangu. Muuguzi alituandikia siku zake za zamu kwenye karatasi, tukaibandika nyuma ya mlango. Siku anayolala mchana, gitaa hulala. Siku nyingine hupigwa hadi saa moja jioni, kisanduku kikiwa mahali pake.

Maana kisanduku, msomaji wangu, kilipunguza kelele. Hakikuwa na uwezo wa kupatanisha watu. Hilo lilitaka ngazi chache na neno la pole. Kama nawe una mtoto mwenye ngoma, tarumbeta au gitaa, nenda kwa fundi, lakini kwanza panda ukabishe mlango wa jirani.