Kamera Ikiwa Bado Mkobani

Desemba iliyopita nilimkabidhi mwanangu funguo za studio yangu ya Himo. Amelishusha pazia lililochorwa mbuga na twiga, ameweka mashine ya fotokopi na rafu za madaftari, na kibiashara yuko sahihi. Picha ya pasipoti siku hizi kila simu inapiga; Tume ya Uchaguzi tangu 2015 inamwandikisha mpiga kura kwa kamera yake, na NIDA wanaotoa vitambulisho vya taifa nao wana yao. Hilo halinilizi. Kilichonisukuma kuandika ni kijana aliyenipiga picha kwa simu wakati nahamisha masanduku, akaniambia, "Mzee, umetoka poa," akaenda zake. Hakuniamkia. Hakuuliza. Nimeishi kwa kupiga picha za watu tangu ujana wangu, wengi wao nikiwaona kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo, na sikuwahi kuichukua sura ya mtu namna ile.

Nilizaliwa Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, katika kihamba cha migomba na kahawa, mfongo, yaani mfereji wa maji, ukipita nyuma ya nyumba. Shule ya msingi, kukata majani ya ng'ombe, kuchuma kahawa. Mwaka 1974 nikamaliza darasa la saba bila nafasi ya sekondari. Mjomba akanishika mkono akanipeleka kwa fundi.

Fundi wangu hakuwa na studio. Alikuwa na Yashica ya lenzi mbili, mkoba wa ngozi, na miguu iliyozoea miteremko. Ufundi aliupata Moshi mjini kwa Mhindi mmoja mwenye studio, akianza kwa kuosha trei za dawa, akaishia kwenye chumba cha giza. Aliporudi nyumbani aliamua kuwafuata watu walipo: Uchira siku ya gulio, Kawawa, Kilema, Nduoni hadi Marangu Mtoni, na vihambani wakati malipo ya kahawa yametoka. Nilimbebea mkoba kwa miaka kadhaa kabla hajaniruhusu kuufungua.

Na kuufungua ndiko kulikokuwa na sheria. Tukifika kwa mtu tusiyemjua, mkoba ulibaki umefungwa na kufunikwa na koti. Kwanza shikamoo kwa mkubwa, shimboni kwa wa rika. Kisha habari za nyumbani, za mifugo, za maji ya mfongo yanayogombaniwa. Kisha fundi alijitaja: mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, kutoka Kirua. Ndipo aliposema, "Mama, mimi ni mpiga picha. Ningeomba nikupige picha. Moja nitakuletea, utanilipa ukiipenda. Usipoipenda naichana mbele yako." Mkoba haukufunguliwa mpaka jibu litoke. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba mtu akiiona kamera kabla ya kukusikia, anaijibu kamera, hakujibu wewe. Anajinyoosha, au anakimbia, au anakasirika, na vyote hivyo vimetokea kabla hajapewa nafasi ya kuamua.

Akikataliwa alisema asante na kuendelea na mazungumzo, maana kuondoka ghafla baada ya kukataliwa ni kumwonyesha mtu kwamba salamu zako zote zilikuwa chambo. Sababu hakuuliza kamwe. Tulikataliwa na mjane aliyekuwa bado kwenye matanga, na mama mjamzito, na mzee ambaye mwanawe alikuwa Dar es Salaam na alitaka wapigwe pamoja au wasipigwe. Baadhi walituita wenyewe mwaka uliofuata.

Wapo wanaosema tuliomba ruhusa kwa sababu ya umaskini wa filamu. Ni kweli filamu ya moja-ishirini katika kamera ile ilitoa picha 12 tu. Ni kweli pia kwamba mwaka 1977, mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka na Kenya ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi 1983, na sisi ambao Taveta ya Kenya iko mlangoni tulikuwa tunahesabu kila picha kama dawa ya hospitali. Lakini miaka ya tisini filamu za rangi za picha 36 zilijaa Moshi, ukiacha mkanda asubuhi jioni unachukua picha zako, na fundi aliendelea kuufunika mkoba kwa koti. Bei ya filamu haikuwa na uhusiano wowote na adabu yake.

Kulikuwa na sababu ya kiufundi, na hii ndiyo vijana hawaifahamu kabisa. Mwanga wa kihambani ni mgumu. Chini ya migomba jua linapenya kwa matundu, likimpiga mtu shavuni na kumwacha jicho gizani. Ukimsimamisha mbele ya ukuta wa chokaa, ukuta unang'aa na uso mweusi unatoka bila macho. Fundi alimtoa mtu kwenye migomba, akamsogeza ukingoni mwa ua au chini ya upenu, mahali kivuli ni kimoja na mwanga unatoka mbele, akamgeuza bega kidogo. Kisha akafungua kamera kwa juu, akaitazama ikiwa usawa wa tumbo, na kwa kufanya hivyo kichwa chake kiliinama mbele ya anayepigwa. Yote hayo, kumsogeza, kumgeuza, kumngoja avute pumzi, huwezi kuyafanya kwa mtu unayemwibia. Picha ya kuibia chini ya migomba ni picha ya madoa.

Sasa niseme juu ya mwenzangu. Tulifundishwa pamoja, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa watoto wake wapo. Yeye aliona utaratibu wa fundi ni kuchelewesha fedha. Alipoanza kujitegemea alikwenda kwenye komunio, kipaimara, harusi na mahafali, akapiga kila uso uliopita, akakimbia mjini kusafisha, akarudi kabla watu hawajatawanyika na kuzianika picha juu ya kanga mlangoni. Watu waliinama, wakajitafuta, wakanunua. Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi kwa ndafu na ubatizo, alipata kwa wiki moja kile nilichopata kwa miezi. Akaniambia, "Wamelipa. Asiyetaka asingelipa. Unataka ruhusa gani tena?"

Nimelibishania neno hilo muda wote huu na ningali nabisha. Nilisimama kando ya kanga ile, nikawatazama wanunuzi. Wapo waliofurahi, sikatai. Lakini wengi walinunua haraka, wakaikunja picha, wakaisukumia mfukoni. Mama aliyejikuta amepigwa akitafuna, au amesimama karibu na mwanamume asiye mumewe, alilipa ili sura yake isibaki mkononi mwa mtu asiyemjua, ikaangaliwa na kila mpita njia hadi jioni. Hiyo si ridhaa. Yule mama alikuwa anajikomboa. Na zile ambazo hazikununuliwa zilikwenda wapi? Mwenzangu hakuwahi kunijibu swali hilo.

Jibu lilikuja lenyewe. Picha moja ya mwanamke wa kwetu, aliyepigwa kwenye maziko akiwa amelegea kwa kilio, ilionekana dirishani mwa studio moja mjini, imekuzwa, imewekwa fremu, inavutia wateja. Kwa ufundi ilikuwa nzuri. Shemeji zake walipoiona walipanda juu na hasira, na kwa sababu mwenzangu na mimi tulikuwa wanafunzi wa mtu mmoja, walikuja kwa fundi. Mzee yule, ambaye hakuwa ameipiga wala kuiuza, alikata jani la isale, akaenda nalo kwa mwanamke yule mwenyewe kabla ya kwenda kwa wanaume. Kwetu mtu akikujia na isale hukatai kumsikiliza. Aliomba msamaha kwa niaba ya kazi yetu, akaahidi kuileta picha na negativu yake. Akashuka mjini, akailipia, akapanda nayo, akamkabidhi mkononi. Mwenzangu hakuhudhuria. Alisema lile dirisha halikuwa lake.

Hoja yake ya mwisho, ambayo wapiga picha wasomi nao huitoa, ni kwamba mtu anayejua anapigwa anavaa sura ya uongo, na ukweli unapatikana akiwa hajui. Naikataa. Wakulima wa Kirua niliowapiga walijichagulia wenyewe: huyu akaingia ndani kuvaa koti, huyu akaomba ashike jembe, bibi mmoja akataka apigwe na kitabu cha nyimbo ingawa hakujua kusoma. Nani aseme koti ni uongo na jasho ni ukweli? Mtu anavyotaka kukumbukwa ni sehemu ya ukweli wake, na ni sehemu ambayo hakuna atakayeipata kwa kunyatia.

Habari za dunia ni jambo jingine, nakubali. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, asingeweza kupita Korem, Ethiopia, mwaka 1984 akimwomba kila mwenye njaa. Picha zile ziliamsha dunia na chakula kikapelekwa. Lakini harusi ya Kilema si njaa, na gulio la Uchira si vita. Anayejificha nyuma ya Mohamed Amin ili apige bila kuuliza watu wanaokunywa mbege aeleze kwanza anamwokoa nani.

Sisi wa mlima huu tuna sababu zaidi ya wengine ya kutaka kuulizwa kwanza. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake hadi leo unakitafuta kichwa chake, ambacho wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Enzi zile zile mafuvu ya watu wa Kilimanjaro yalikusanywa na kupelekwa Berlin kwa mwanaanthropolojia Felix von Luschan, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi na koo zinazoishi huku. Picha zilikwenda kwa njia hizo hizo. Ukizitazama leo katika hifadhi za Ulaya, nyingi zinasema tu "mwanamke wa Kichagga", "shujaa wa Kichagga". Mtu ana macho, ana shanga, ana kovu, na hana jina. Hakuna aliyemuuliza. Wazee waliokuwa wakifunga mlango walipomwona fundi anapanda na mkoba hawakuwa washamba, kama vijana wanavyopenda kusema.

Kwa hiyo, wanangu, ninyi mnaopita Marangu na simu mkiwarekodi mabibi wanaouza ndizi ili mpate watazamaji: bibi yule si mandhari. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Lakini msingoje Tume inayoisimamia. Iwekeni simu mfukoni. Amkieni. Jitajeni. Semeni picha inakwenda wapi, kwa sababu anayekubali iende ukutani kwake hajakubali iende duniani. Akisema hapana, nunueni ndizi, mkae mzungumze.

Hilo la ukutani na duniani ndilo linalonishughulisha sasa. Ninazo negativu za fundi na zangu, masanduku yale niliyokuwa nayahamisha, za watu wa Vunjo wa miongo minne. Mtafiti wa chuo kimoja kikuu anataka kuzinakili zote na kuziweka kwenye intaneti. Ni kazi njema, na dawa ya zamani inazila negativu kila mvua za masika zinapokuja. Ila wenye sura walinipa ruhusa ya picha moja ya nyumbani. Kwa hiyo nimechapisha ndogo ndogo, nazipeleka vihambani, koti likiwa juu ya mkoba kama zamani. Familia moja ilikubali papo hapo na kuniandikia majina ya wote waliomo. Nyingine ilikataa, na sikuuliza. Mtafiti ameshaandika akitaka kujua kwa nini kazi inachelewa. Nimemjibu kwamba Jumatano naenda Nduoni, wiki ijayo Kilema, na kwamba atapata zile ambazo wenyewe au watoto wao wametamka ndiyo, kila moja na jina lake kama wanataka liandikwe. Ambazo wenyewe hawajapatikana zitabaki kwangu.