Tupande Naye Basi

Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, umejengwa kando ya mto Ohio. Wengi huujua kwa mashindano ya farasi ya kila mwezi wa Mei. Mimi niliujua kwa mabasi yake, nilipokaa kwa mdogo wangu miezi mitatu mwaka 2023.

Mdogo wangu na akina mama wenzake wa kanisani walikuwa wakisaidia wakimbizi wapya. Wengi walikuwa Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Nilisikia Kiswahili dukani na kituoni, nikajiona kama niko Kasulu, ila kwa baridi ile!

Familia tuliyoitembelea ilikuwa ya baba, mama na watoto wanne. Baba alipata kazi ya usiku ya kupanga vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Usiku mabasi ni haba, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia kupata leseni. Mama alibaki nyumbani. Kila alipotaka kwenda kliniki au sokoni, sisi tulimfuata na gari. Tulijiona tunatenda wema.

Siku moja mtoto mdogo alishikwa na homa. Baba alikuwa kazini, nasi hatukupatikana kwa simu. Basi la kwenda zahanati lilipita mbele ya nyumba yao, lakini mama hakujua asimame upande gani wa barabara. Tulipofika jioni tulimkuta mlangoni, mtoto mgongoni. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, lakini maneno ya mama yule yalinichoma: "Dada, hapa niko kama mutoto. Naenda tu pale munanipeleka."

Kesho yake gari tuliliacha nyumbani. Kule hakuna konda wa kumwambia "shusha". Nauli hulipwa mbele, kwa dereva, na mashine hairudishi chenji. Basi husimama penye kibao tu, na anayetaka kushuka huvuta kamba iliyo dirishani. Magari hupita kulia kama Kongo, siyo kushoto kama Tanzania alikoishi muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kuvuka, macho kwanza kushoto!

Safari ya kwanza tulikaa naye kiti kimoja. Ya pili tulikaa nyuma yake, tukanyamaza. Ya tatu alipanda peke yake, nasi tukamngoja kituoni. Alishuka akicheka.

Likaja suala la leseni. Mume alisema gari ni moja, hivyo leseni moja inatosha. Mkewe akamjibu taratibu: "Mutoto akigonjwa usiku na wewe uko kazini, leseni yako itamusaidia nini?" Mume hakujibu. Jumamosi alimletea ufunguo mwenyewe.

Mwanafunzi wa udereva hupimwa macho na kufanya mtihani wa maandishi. Kisha huko Kentucky lazima aendeshe akiwa na mtu mwenye leseni, wa miaka 21 au zaidi, kwenye kiti cha mbele. Hapo ndipo mgeni hukwama, kwa maana hana ndugu wa kukaa pale. Mume hulala mchana. Basi akina mama wale walipeana zamu. Walimfundisha kusimama basi la shule la njano linapowasha taa nyekundu, kutompakata mtoto bali kumfunga kwenye kiti chake, na kutulia garini mikono juu ya usukani polisi anapomsimamisha.

Mtihani wa barabarani alishindwa mara ya kwanza. Mara ya pili alifaulu.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Lakini waliokwisha kufika wapo, na akina mama wengi miongoni mwao bado wanangoja kupelekwa.

Nasi huku tunao wageni: binti aliyetoka kijijini, mama mkwe aliyekuja mjini kutibiwa. Tusiwabebe kila siku kama mizigo. Tukae nao kiti kimoja, kisha tukae nyuma yao, kisha tuwangoje kituoni.