Mtoto wa Tumboni na Mtoto wa Mgongoni

Katika mdahalo wa chama muhula uliopita tulibishana juu ya kutoa mimba mpaka kengele ikalia. Mmoja wetu alisema mtoto mlemavu afadhali asizaliwe. Nilimjibu siku ile, na leo naongeza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kutoa mimba hakuruhusiwi, ila mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Ulemavu wa mtoto haukutajwa hapo. Wazee husimulia jinsi makanisa yalivyokipinga kifungu hicho kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010. Je, cha 54, kinachohusu haki za watu wenye ulemavu, nani alikipigia kelele?

Tena ndugu yangu mdogo hakuwa mlemavu tumboni. Mama alishikwa na uchungu siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia. Ubongo ulikosa hewa, akabaki na mtindio wa ubongo. Sheria ya mimba, ikazwe ama ilegezwe, isingemgusa. Wengine hulemaa hata baadaye, kwa homa ya uti wa mgongo.

Sasa ana miaka tisa. Hatembei, haketi bila kushikwa, lakini ukimtajia samaki anacheka mpaka jirani asikie. Mama aliacha kibanda chake cha mboga kwani hana wa kumwachia. Siku ya kliniki humbeba mgongoni hadi steji, na makanga anadai nauli ya watu wawili, eti viti vimejaa! Mpango wa serikali wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa saa zote. Jamani, gawanyeni kwa siku 30. Haifiki shilingi 70, na nepi za mtoto mkubwa hazijanunuliwa.

Anayemwambia mama azae, namheshimu. Ila amwulize pia nani atakaa na mtoto yeye akienda sokoni. Anayetaka sheria ilegezwe naye ana deni lilo hilo. Mwakani ndugu yangu atatimiza miaka kumi, nami nitakuwa kidato cha nne. Mama ameshaanza kulalamikia kiuno.