Kikombe chenye Alama



Likizo ya Noeli nilifika nyumbani Kisarawe nikakuta kikombe cha kaka yangu kimepakwa rangi nyekundu. Alikuwa amejitolea damu, akapimwa, akakutwa na virusi vya homa ya ini aina B. Tangu siku hiyo sahani yake ilitengwa. Mama aliniuliza, "Frateri, tumemkosea Mungu wapi?" Ni swali la wanafunzi wa Yesu juu ya yule kipofu. Nilinyamaza.

Niliporudi Kibaha nilikwenda kupima kwa woga. Nilizaliwa mwaka 2000, na chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Sikukutwa na virusi, nikachanjwa. Dozi ya pili nilipata baada ya mwezi. Ya tatu itakuwa mwezi wa sita tangu ya kwanza.

Katika falsafa tunafundishwa kuuliza kitu kipo kwa ajili ya nini. Muuguzi alinijibu vizuri: chanjo haitibu aliyekwisha kuambukizwa, ndiyo maana tunapima kwanza. Inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo. Mtu mzima mara nyingi huvishinda. Miaka mingi baadaye ini laweza kupata makovu au saratani. Kwa hiyo sindano za wiki ya 6, 10 na 14 humlinda mtoto hata uzeeni.

Jioni ile nilimpigia mama. Virusi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Havipiti kwa chakula, kikombe, wala mkono wa amani kanisani. Wembe na mswaki ndivyo visishirikiwe. Shemeji na watoto wapimwe, asiye na kinga achanjwe. Kaka ahudhurie kliniki. Dawa za kuvidhibiti virusi zipo akizihitaji.

Pasaka nilikwenda tena. Shemeji alikuwa amepata dozi ya kwanza. Chai ililetwa, nikatafuta kikombe chekundu nisikione. Mama akasema, "Nilikisugua kwa majivu, mwanangu. Rangi ilikuwa ngumu kutoka."

Nawe uliyezaliwa kabla ya mwaka 2002, umepima?