Michopo haikai peke yake mezani



Kwetu Katanga, mutu akisema «leo tutakula michopo», wote wanafikiri mbuzi, makala, chumvi na pilipili. Ni wachache wanaouliza: tutakula na nini? Wengi wanaona ulizo hilo ni dogo, eti ni la wamama jikoni. Mimi ni mama wa watoto sita, ninakaa Likasi, na kwa miaka mingi ninapika chakula cha Bonane kwa jamaa yote ya mume wangu. Ninasema ulizo hilo ni kubwa. Kile unachoweka pembeni ya nyama ndicho kinaonyesha kama kila mutu wa nyumba amealikwa kweli, ao ni wamoja tu.

Desturi tuliyoikuta

Nilikomalia katika kambi ya wafanyakazi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilipanga wafanyakazi wake katika kambi pamoja na wake na watoto, na ikawapa posho. Posho iliendelea hata wakati wa Gécamines, mpaka kampuni ilipolegea katika miaka ya 1990. Kwa posho, unga wa bukari ulipatikana. Mboga mama alizitafuta mwenyewe katika kashamba nyuma ya nyumba. Nyama ilikuwa kitu cha siku kubwa.

Siku ile kubwa ikifika, wanaume walizunguka mbabula inje. Nyama ikiiva, waliikata palepale, wakaila na kitunguu na pilipili. Sisi watoto tulipewa bukari na mchuzi, na mufupa kama uko. Wamama walikula mwisho, wengine hata hawakukaa chini. Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya. Ilikuwa desturi, na desturi haiulizwi.

Leo kambi nyingi zimebadilika, lakini desturi imebaki. Tena imetoka nyumbani na kwenda barabarani. Siku ya mushahara, baba anasimama kwa muchomaji, anakula michopo katika karatasi pamoja na marafiki. Nyumbani watoto wanakula bukari na lengalenga, sawa na jana. Nyama iko upande mumoja, mboga upande mwingine, na jamaa imegawanyika katikati.

Hesabu ya mbuzi mumoja

Tufanye hesabu kidogo. Mbuzi wa kilo 25, akiisha kuchinjwa na kusafishwa, anabakisha kama kilo 12 pamoja na mifupa. Juu ya moto nyama inapoteza maji na mafuta, karibu sehemu moja ya tatu. Zinabaki kilo 8. Kama mko watu 30, kila mutu atapata kama gramu 260, na ndani yake kuna mufupa. Kama wanaume 10 wanakula wa kwanza mpaka washibe, wale 20 watalamba vidole.

Kwa hiyo mimi sianze na mbuzi. Ninaanza na vile vya pembeni, halafu ninajua nyama itafika wapi. Ninatafuta vitu vitatu: kimoja cha kushibisha, kimoja chenye mchuzi, na kimoja kikali ao kichachu cha kukata mafuta.

Cha kushibisha ni bukari. Inatosha. Ninaona karamu ambapo wanaweka bukari, wali, viazi na makaroni, vyote pamoja, kusudi meza ionekane tajiri. Lakini hivyo vinne vinafanya kazi moja tu mwilini. Feza imekwisha, na mboga haiko.

Chenye mchuzi ni lazima, sababu michopo ni nyama kavu, na bukari pamoja na nyama kavu inasimama kooni, zaidi kwa wazee na watoto wadogo. Ninapika sombe na karanga, ao maharagi. Sombe itwangwe vizuri na itokote muda murefu, maana majani ya muhogo yakiwa mabichi yako na sumu. Kufika Bonane mvua imekwisha kunyesha, na bowa inauzishwa kando ya barabara. Bowa na tomati na kitunguu inapendeza sana na mbuzi. Nunua ile tu ambayo wewe na wazee wako munaijua.

Kichachu ni tomati na kitunguu kibichi, na ndimu juu yake. Saladi ya mayoneze siipendi siku ya joto. Ikikaa saa nyingi inje inaharibika, na ni watoto wataumwa tumbo. Pembeni ninaweka kikanda, kwa sababu kinakatwa vipande kikiwa baridi, na kila mutoto anaweza kupata chake. Mwisho ni maembe, kama yangali yanapatikana sokoni.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Nyama, hata kipande kidogo, ikiliwa pamoja na mboga ao maharagi, inasaidia mwili kupata chuma kilicho ndani ya ile mboga, na chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Ndimu, tomati na maembe vinasaidia vilevile. Basi, vipande viwili vya nyama katika sahani ya sombe vinaweza kumufaa mutoto wako, ao bibi mwenye mimba, kuliko vinavyomufaa mutu aliyeshiba nyama barabarani.

«Tuko mbuzi?»

Mwaka wa kwanza nilipopanga meza hivi, ndugu mukubwa wa mume wangu alitazama sufuria ya sombe, akauliza mbele ya wote: «Mama, tulichinja mbuzi, ao ni sisi ndio mbuzi? Siku ya Bonane unatuletea majani?»

Watu walicheka. Nikamujibu kwa heshima: «Yaya, nyama iko. Lakini leo itakuja katika sahani, pamoja na mboga, na kila mutu atapata yake.»

Hakufurahi. Kwake, mboga mbele ya wageni ni alama ya umasikini. Ninamusikia, maana alikula mboga miaka mingi wakati mushahara ulikuwa haufiki, na Bonane ndiyo siku pekee alitaka kusahau. Sikumubishia. Lakini niligawanya kwa sahani, nikaanza na bibi na watoto. Mupaka leo hajasema kwamba nilifanya vizuri. Mwaka uliofuata alituma tu mutoto kuniuliza: «Baba anasema, kikanda kitakuwako?»

Mboga inatoka wapi?

Sisi wa sehemu za migodi tuko na kazi moja zaidi. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza kwamba katika mukojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, walikuta kobalti nyingi kupita kawaida. Vumbi ni njia moja ya kuingia mwilini, na chakula ni njia ingine. Kuosha mboga kunatoa vumbi iliyo juu ya majani. Hakutoi kile ambacho mumea umevuta ndani ya udongo.

Kwa hiyo muulize mama muuzaji: lengalenga hii umeilima wapi? Kama ni kando ya mutoni unaopokea maji ya kiwanda, acha, hata ikiwa bei ni rahisi. Zile zinazoliwa mbichi, kama tomati na kabichi, zioshwe mara tatu kwa maji safi, na maji ya kwanza yamwangwe. Mwenye nafasi ya kulima mbali na lundo za udongo wa mugodi, alime. Mufuko wa mbolea na mbegu kidogo vinaweza kulisha nyumba wiki nyingi.

Wababa, siwakatazi michopo. Ninaomba tu muilete nyumbani mara moja kwa mwezi, ikiwa katika karatasi yake, na mumuachie mama aipange pamoja na mboga. Wamama, musione haya ya sombe mbele ya wageni. Na ninyi vijana mutakaofunga ndoa kesho, mupatane mapema: katika nyumba yenu nani atapewa sahani ya kwanza? Musingoje siku ya karamu, sababu siku ile moto umekwisha kuwaka, nyama inanukia, na desturi inasema kwa nguvu kuliko sisi wote.