Majina ya Pwani Katika Mitaa ya Nairobi



Mtu wa Pwani afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza hupokewa na mambo matatu: baridi, haraka na kelele. Katika matatu iliyonichukua kutoka katikati ya mji kuelekea Eastlands, muziki ulivuma hata utingo akaniuliza niendako kwa ishara ya mkono. Vijana walizungumza Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hiyo.

Kilichonishangaza zaidi ni majina. Kaloleni, Makadara, Majengo: msomaji wa Mombasa atadhani hajaondoka kwao. Mbele kidogo kuna Jericho, na ubavuni pake Jerusalem, jina la Baitul Maqdis. Kariokor nayo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili iyo hiyo.

Pumwani, uliko mtaa wa Majengo, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waondolewe katika vijiji vyao vya awali, kimojawapo kikiitwa Mji wa Mombasa. Kijiji cha Pangani kilisalia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kikavunjwa na wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za kale za Majengo ni za udongo na mabati, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mfano wa nyumba zetu za Kiswahili.

Dada zangu, zingatieni hili: miongoni mwa waliozijenga na kuzimiliki nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi. Walifika mjini bila baba wala kaka, wengine wakasilimu huko huko, wakapata nasaba mpya katika Uislamu.

Baada ya Swala ya Alasiri katika Msikiti wa Riyadha, nilipita kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Nilipomuuliza asili yake, alitabasamu. “Sheikh, kila mgeni huniuliza kabila langu. Bibi yangu alizikwa hapa, mama yangu alizikwa hapa. Mimi ni mtu wa Majengo.”

Neno hilo lina uzito. Waislamu hawa, wajukuu wa watu waliohamishwa mara kwa mara, hawana kwao kwingine. Nasi huwaita watu wa bara, kana kwamba hatuna udugu nao.

Mitaa hiyo ina shida: mitaro hufurika, na dawa za kulevya huwaharibu vijana, kama zinavyowaharibu wetu huku. Lakini tunapowapeleka watoto wetu Nairobi kusoma au kufanya kazi, tusiwape nauli na nasaha peke yake. Tuwape salamu za kupeleka msikitini na kwa majirani, wajulikane wangali wazima, wasije wakajulikana siku ya maradhi. Haki ya jirani haina bara wala pwani.

Allah atuunganishe nyoyo zetu. Amin.