Kumpokea Mgeni Chuoni

Wahenga walisema kuwa mgeni ni kuku mweupe. Usemi huu ni mfupi, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Kuku mweupe akiingia katika kundi la kuku wengine huonekana na kila jicho: mwewe humwona, mtoto mwenye jiwe mkononi humwona, na kuku wenyeji humwona na kumdonoa. Yeye peke yake hajui pa kujificha wala pa kutokea. Ndivyo alivyo mgeni kila aendako; watu wote wamjua kuwa yu mgeni, naye hamjui hata mmoja. Msomaji, wewe umekwisha kuwa kuku mweupe mara moja, siku ulipoingia kidato cha kwanza. Na Mungu akikujalia utakuwa tena, siku utakapoingia chuo au chuo kikuu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa nikueleze habari za kazi niliyopata kuifanya nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, nayo ni kazi ya kuwapokea na kuwaongoza wanafunzi wageni.

Mimi ni mwenyeji wa Magongo, katika Changamwe, upande wa bara wa magharibi wa Mombasa. Aijuaye Magongo hana shaka kuwa ni mahali pa wageni. Watu huja huko kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi bandarini, viwandani na katika uwanja wa ndege. Na wengine walikuja kwa ajili ya kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Nilikulia katika nyumba ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati na ua nyuma. Kila chumba kilikuwa na jamaa zake: Mdigo, Mtaita, Mkamba, Mluo, Mgiriama. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye sisi watoto tulimwita Bibi. Mpangaji mpya alipoteremsha mizigo yake, Bibi hakuanza kwa kudai kodi. Alimwonyesha mambo matatu: maji yalipo, choo kilipo, na mlango wa jirani wa kugongwa usiku likitokea jambo. Kisha alisimama ukumbini akalitaja jina la mpangaji kwa sauti, wenyeji wote wasikie. Kwa muda mfupi yule mtu, aliyeingia hana chochote ila godoro na sufuria, alikuwa amepata maji, sitara, jirani na jina. Hiyo ndiyo skuli yangu ya kwanza katika kazi ninayoisimulia.

Skuli yangu ya pili ilikuwa ya uchungu. Nilipoingia shule ya bweni niliwakuta wanafunzi wakubwa wakiwaita wageni "mono," wakiwanyang'anya sukari na sabuni, na kuwafulisha nguo zao. Usiku walituamsha tuwaimbie, na asiyejua kuimba alilala chini ya kitanda. Nilistaajabu kuona kuwa waliotutesa zaidi ni wale waliotutangulia kwa mwaka mmoja tu. Wale wa kidato cha nne walikuwa wamekwisha kuchoka na mchezo huo. Bali wale wa kidato cha pili walikuwa na joto la kisasi. Mtu aliyeonewa jana hungoja mwaka upite ili amwonee mwingine leo. Ni deni la ajabu: mkopeshaji ameondoka na mlipaji hakukopa. Siku hizi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamkataza mtu yeyote kumtesa mwanafunzi, mwili wake au moyo wake. Walakini sheria hukaa kitabuni, na bweni hukaa gizani. Giza la bweni huondolewa na wanafunzi wenyewe.

Mwaka 2011 nilikuwa katika mwaka wa pili wa chuo kimoja cha ualimu. Siku zile masomo ya mwalimu wa shule ya msingi yalikuwa ya miaka miwili na mwisho wake ni cheti. Tangu mwaka 2021 mahali pa cheti pameshikwa na stashahada ya miaka mitatu. Wageni walipokaribia kufika, mkuu wa chuo aliwachagua wanafunzi saba wa mwaka wa pili wawapokee, nami nikawa mmoja wao. Kazi yenyewe, ukiisikia, ni nyepesi. Kumngoja mgeni langoni na kumpokea sanduku. Kumwongoza kwenye chumba cha kuandikishia, naye amekamata vyeti vyake, fomu ya daktari na risiti za benki. Kumwonyesha kitanda chake, maktaba, zahanati, msikiti na kanisa. Kumsomea kanuni za chuo na kumweleza maana ya kila kengele. Lakini kazi nyepesi katika maneno si lazima iwe nyepesi katika mabega, kama nilivyoona usiku wa pili.

Chuo kile kilikuwa na desturi iliyoitwa somo la mwembe. Usiku wageni waliamshwa wakapelekwa, nao wamevaa nguo za kulalia, mpaka kwenye mwembe mkubwa ulio nyuma ya mabweni. Huko kila mmoja alilazimishwa kuufundisha mwembe alfabeti, kuuita majina kama mtoto wa darasa la kwanza, kuuuliza maswali na kuukemea kwa kutojibu. Wakubwa walicheka mpaka wakalala chini. Desturi hii haikuvunja mfupa wa mtu, na kwa hiyo wengi waliiona kuwa ni mzaha tu. Mwaka ule ili ifanyike ilihitajiwa orodha ya vyumba vya wageni, kwa kuwa walikuwa wamechanganywa na wenyeji. Orodha ilikuwa mkononi mwangu.

Baada ya chakula cha jioni walinijia wenzangu wa mwaka wa pili, wengine wao marafiki niliokula nao sahani moja. Msemaji wao akaniambia, "Ndugu, sisi tulifundisha mwembe na hatukufa. Tupe karatasi." Nikamjibu, "Mkiwa na haja ya kuwajua wageni, njooni asubuhi niwatambulishe kwenu mmoja mmoja kwa majina." Wakasema kuwa najipendekeza kwa wakubwa wa chuo. Nikawaambia neno ambalo hata leo naliamini: "Baada ya miezi michache tutakabidhiwa watoto wadogo wa watu. Tukijifunza leo kumcheka aliyesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, mtoto atakayesimama mbele yetu tutamfanyia nini?" Hawakunijibu, nao hawakupata orodha.

Wanne kati ya sisi saba tulikwenda kuketi kwenye baraza ya bweni la wageni. Tulichukua taa na madaftari tukajifanya kuandaa masomo. Yapata saa sita wakaja kundi zima, wakasimama mbali kidogo, wakanong'onezana. Hapakuwa na ugomvi wala matusi. Walitutazama nasi tukawatazama, kisha wakarudi mmoja mmoja kama watu waliokumbuka shughuli nyingine. Somo la mwembe halikufanyika mwaka ule. Malipo yangu yalikuwa kwamba kwa karibu mwezi mzima meza niliyoketi katika chumba cha kulia ilikuwa na nafasi nyingi. Sikuona raha, maana kutengwa na rafiki ni jambo zito. Lakini nilijua bei ya kitu nilichokinunua, na sikuiona kuwa ghali.

Siku ya tatu nilimkuta kijana mmoja kati ya wageni akilifunga sanduku lake kwa kamba. Alikuwa ametoka vijiji vya kandokando ya Mto Tana, safari ya siku nzima. Nikamwuliza aendako. Akasema, "Kaka, narudi nyumbani. Chuo hiki ni cha wenye nacho." Sikumhubiria juu ya faida za elimu, kwa sababu uso wake ulikuwa na habari nyingine. Nikamwuliza, "Umekula?" Akanyamaza. Kumbe tangu jana asubuhi hakutia kitu kinywani. Alisikia wenzake wakizungumza juu ya kadi ya chakula, naye hakuwa nayo, kwa kuwa karo yake haikutimia. Akadhani kuwa asiye na kadi akionekana katika chumba cha kulia atafukuzwa mbele ya watu. Aliona ni afadhali aondoke mwenyewe kuliko kuondolewa. Njaa ilikuwa ndogo kuliko haya.

Nilimpeleka jikoni kwanza, kisha kwa mhasibu. Mhasibu aliangalia risiti zake akamweleza kuwa angeweza kulipa salio kwa mafungu mpaka mwisho wa muhula, akampa kadi. Shughuli yote, pamoja na kula, haikumaliza saa moja. Saa moja! Nyuma ya saa hiyo kulikuwa na miaka minane ya shule ya msingi na minne ya sekondari, mbuzi waliouzwa na wazazi, na matumaini ya kijiji kizima. Na vyote hivyo vilikuwa vimefungwa katika sanduku lile kwa kamba. Kijana yule alimaliza masomo yake, na leo ni mwalimu kama mimi. Tangu siku hiyo nimeamini kuwa wengi wanaosemwa kuwa wameshindwa na masomo hawakushindwa na masomo. Walishindwa kuuliza swali dogo, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza wao.

Labda utasema kuwa mambo haya ni ya vyuo vidogo. Fikiri habari za waliotutangulia. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922, na kwa miaka mingi kijana wa Mombasa aliyetaka elimu ya juu katika Afrika ya Mashariki alipanda gari la moshi akaiacha bahari nyuma yake mpaka Kampala, mahali ambapo hata chakula na hali ya hewa vilikuwa vigeni kwake. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, ambao wangeenea katika chumba kimoja. Pale wageni walikuwa wachache hata mwalimu aliweza kumjua kila mmoja. Leo elimu ya juu imetusogelea. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanza kufundisha mwaka 1951, imebadilika hatua kwa hatua mpaka ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Na mwaka uo huo Kilifi ilipata Chuo Kikuu cha Pwani. Wanafunzi ni maelfu. Njia imekuwa fupi, lakini umati umekuwa mkubwa. Na mtu aweza kupotea katika umati kuliko alivyopotea katika safari ndefu. Kwa hiyo haja ya wanafunzi wa kuwapokea wenzao haikupungua, imezidi.

Basi siku yako itakapofika, shika maneno machache. Lipa karo yako benki au kwa njia iliyoandikwa katika barua ya chuo, wala usimkabidhi fedha mtu akutanaye nawe langoni akisema atakufanyia wepesi. Langoni pa chuo wapo wenye kutafuta kuku weupe. Weka nakala za vyeti vyako mahali pawili. Jua ofisi tatu kabla ya jua la kwanza kuchwa: ya uandikishaji, ya mhasibu, na ya mlezi wa wanafunzi. Mjue jirani yako kwa jina. Na usione haya kuuliza. Aulizaye hupotea njia mara moja, asiyeuliza hupotea kila siku.

Ukiwa mwenyeji, kumbuka pia kuwa ukarimu una kiasi chake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tuliwagawia wageni kazi: huyu maktaba, huyu bustani, huyu kwaya, huyu kupanga viti vya mkutano. Tuliona kuwa mtu aliyepewa kazi huacha kutembea kandokando ya ukuta; huanza kupita katikati ya uwanja kama mwenye mahali pake. Kumbebea mtu sanduku daima ni kumfanya mgeni daima, na kumpa sehemu ya kazi ya nyumba ni kumpa nyumba.

Mwaka ujao katika shule yako wataingia watoto wageni, na sanduku zao zitakuwa nzito kuliko mikono yao. Pengine wewe ulipoingia ulionewa, nawe unalo lile deni la ajabu nililolitaja. Huna budi kuchagua kulilipa kwa mtu asiyekukopesha, au kulifuta. Kulifuta hakutangazwi na mtu wala hakuandikwi katika ripoti ya muhula. Lakini mtoto mmoja atalala usingizi usiku wake wa kwanza ugenini, na mwaka utakaofuata naye hatakuwa na deni la kumlipisha mtu.